Wapangaji wa Nyambwe

Usijifanye hukuona. Jioni tisini ulisimama mbele ya skrini kubwa ya stendi, muhogo wa kuchoma mkononi, ukawatazama samaki wa tangini, wadogo kuliko kidole chako cha mwisho wakichimba mchanga, ukasema, "Jamani, ona wanavyojua kulea." Nyuma ya mgongo wako, hatua mia nne tu, ilikuwapo ghuba yenyewe. Hukugeuka. Ulilitazama tangi ili usilazimike kulitazama ziwa, na waliolilipia tangi walijua utafanya hivyohivyo.

Mimi ndiye niliyelijenga. Naitwa Leokadia Gwasa. Mliniita Mama Tangi, nami niliitika. Nikisema "sikujua" mahali popote humu, nizomeeni.

*

Injinia Rwehumbiza alinikuta kwenye yadi ya zamani ya wasafirisha samaki wa mapambo, nasugua kioo kwa ndizi mbichi. Ndiyo, ndizi mbichi. Utomvu wake unang'oa ukungu bila kuacha sumu. Hayo sikufundishwa na mtu. Niliingia yadi ile nina miaka kumi na minne kuosha matangi, nikaosha miaka thelathini na moja.

"Wewe ndiye Leokadia? Nasikia samaki hawafi mikononi mwako."

"Hufa, Injinia. Ila mimi huwa najua wamekufa kwa nini."

Akacheka, akavuta ndoo, akaipindua akaikalia, suruali yake ya kitambaa ikalowa. Hakujali. Ndivyo alivyokuwa: huwezi kumchukia siku ya kwanza.

Kampuni ya Baridi Tele, aliyoifanyia kazi, ilikuwa imejenga kumbi saba za kompyuta kule mlimani. Kumbi zile zilitoa joto kama tanuri za mikate, na mitambo haikustahimili. Walitaka kuzamisha bomba hadi kilindini, mita mia nane, wavute maji ya baridi, yapite kumbini yakipoza, kisha yarudi ziwani. Yangerudi kupitia Ghuba ya Nyambwe.

"Maji ya kule chini hayana pumzi," nikamwambia. "Yananuka yai bovu. Ukiyamwaga ufukweni, unaua kila chenye uhai."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, dada yangu."

Ghuba ilikuwa na kinga ya sheria. Kinga hiyo haikuletwa na watu, maana watu wa Nyambwe wamehamishwa mara mbili nikiwa hai na hakuna aliyepiga kelele. Nakumbuka mwaka waliochota mchanga wa ufuko wa kusini, nakumbuka na jina la greda. Kinga ililetwa na wapangaji. Hivyo ndivyo tunavyowaita wale samaki vibete wenye milia na macho ya buluu, kwa sababu huishi ndani ya maganda ya konokono waliokwisha kufa, kila mmoja na ganda lake, na hawapatikani penginepo duniani isipokuwa pale.

Lakini Sheria ya Makazi Mbadala ilikuwa na mlango wa nyuma. Ukijenga tangi la asili, bila pampu, bila dawa, na samaki wakakaa humo siku tisini wakiishi kama kwao, wakichimba, wakigombana, wakizaa, bila mkono wa mtu kuingia majini, basi sheria inasema wana nyumba nyingine. Ghuba inavuliwa kinga. Tangi likishindwa, ghuba inalindwa miaka ishirini tena, na samaki wa tangini wanamwagiwa klorini, ili kampuni isije ikarudi kesho na samaki walewale.

"Nani atahukumu?" nikauliza.

"Shahidi."

Akafungua mkoba akanionyesha. Kidude cha ukubwa wa boga, jicho moja chini, miguu mitatu ya kuzamisha. Kinaonja chumvi na pumzi ya maji kila dakika, kinasikiliza mchanga ukichimbwa, kinahesabu samaki wakubwa kila adhuhuri, kisha siku ya mwisho kinatoa neno moja: kwao au ugenini. Serikali inaliamini neno hilo kuliko kiapo.

"Hawezi kuhongwa," Injinia akasema kwa fahari.

"Na mimi je?"

"Wewe nakuomba. Mabingwa watatu wenye digrii wameshindwa kwenye majaribio, kabla hata Shahidi hajawashwa. Wewe peke yako ndiye unayeweza."

Basi. Miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilijidanganya kwamba bomba litakuja tu, bora wapangaji wapone. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakubali kabla hajainuka kwenye ile ndoo.

*

Tangi lilikuwa na urefu wa mita nne, upana wa mita mbili, kimo cha kunifika kiunoni. Mabingwa watatu walioshindwa walilifanya bustani: maua, mawe ya rangi, vipovu. Mimi nilianza na mchanga. Niliuchekecha mara nne, kwa sababu mpangaji huchimba kwa mdomo, na punje kubwa humchubua. Kina kilikuwa kiganja kizima, apate mahali pa kulizika ganda lake libaki tundu tu kama dirisha.

Maji niliyatoa ghubani, mapipa kwa mapipa. Maji yetu ni mazito kwa chumvi za mawe. Ukiwawekea maji laini ya mvua wanazimika kama mishumaa. Nyuma nikapanga mawe, si kwa uzuri, bali ili kila dume apate mpaka wa kugombania. Pembeni nikapanda nyasi za ziwani, zile ndefu kama utepe. Juu nikaning'iniza taa zinazoyumba, mwanga ucheze mchangani kama unavyocheza chini ya mawimbi.

Kisha nikaliacha tupu wiki sita. Injinia alikuwa anakuja kila Jumatatu.

"Mbona hakuna samaki?"

"Halijaiva."

"Maji nayo yanaiva?"

"Kinyesi cha samaki ni sumu, Injinia. Kuna vijidudu usivyoviona vinavyokila. Lazima vihamie kwanza, vikae, vizaane. Ukimwingiza samaki kabla yao, unamwingiza chooni."

Aliandika yote. Alikuwa na heshima ya kuandika.

Maganda nilichukua mia nne, yote matupu, kwa mila ya kwetu. Wanawake wa Nyambwe huchoma maganda kupata chokaa ya kupaka nyumba, lakini hakuna anayeokota bila kubisha hodi. Unasimama majini, unagonga ganda kwa ukucha, mara tatu, unasubiri. Kama mna mwenyewe, atatema mchanga mlangoni. Unasema "samahani" na unaliacha. Mtoto wa Nyambwe anajua hodi ya ganda kabla ya kujua hodi ya nyumba. Mila hiyo ndiyo iliyowalinda wapangaji miaka yote kabla sheria haijazaliwa.

Samaki thelathini na mmoja waliletwa na wazamiaji wa serikali kwa kibali. Siku ya kumi na tisa, jike mmoja alitaga. Nililia mbele ya watu, na skrini ya stendi ikanionyesha nalia, nanyi mkanipenda.

*

Siku ya thelathini na nane alikuja mgeni rasmi.

Kwetu mgeni rasmi haji mahali palivyo. Palilimwa, palipakwa rangi, lilisimamishwa turubai. Nilipewa kitenge cha sare, na kazi ya kuandika risala na kuisoma. Niliiandika siku tatu. Nilitafuta mahali pa kupenyeza jina langu nikapata pawili.

Asubuhi yake Afisa Itifaki akalizunguka tangi akiguna.

"Mama, hili mbona kama jangwa? Mchanga na makonokono? Mheshimiwa atapiga picha na nini?"

"Ndivyo kwao palivyo," nikasema.

"Kwao ni kwao. Hapa ni shughuli."

Wakaja vijana wawili wa seremala wamebeba mzizi mkubwa wa mti, umejipinda vizuri kama mkono wa mchezaji ngoma, unang'aa. Siku ya mgeni rasmi Shahidi alikuwa amefunikwa kwa saa moja, kwa ruhusa ya wizara, ili asionekane kwenye picha. Wakauzamisha.

Nilinusa. Naomba muelewe hapa, maana hapa ndipo ninapofia kila siku. Nilinusa vanishi. Pua yangu imekaa juu ya maji miaka thelathini na moja, inajua vanishi, inajua sabuni, inajua hata mafuta ya nywele ya mtu aliyetumbukiza kidole. Nilijua kwamba kitu kilichong'arishwa kama meza ya sebuleni kitaua tangi lile ndani ya wiki. Risala ilikuwa mkononi mwangu, king'ora kinasikika barabarani. Afisa Itifaki akaniuliza, "Umependeza, eti?"

Nikasema, "Umependeza."

Nikasoma risala. Nikapigiwa makofi. Mheshimiwa akanishika bega.

Mzizi niliutoa jioni ileile kwa fimbo ya kulabu, ili nisitie mkono, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuinywa ile vanishi. Siku ya thelathini na tisa wakaacha kuchimba. Siku ya arobaini wakaanza kutoka kwenye maganda na kuzunguka juu juu, wanahema. Mpangaji kuacha ganda lake ni kama wewe kutoka nyumbani uchi. Usiku wake wakafa, na kufika asubuhi ya arobaini na moja walikuwa wamekufa kumi na tisa, akiwamo yule dume mwenye pezi lililochanika, mliyempa jina Bondia.

*

Nikaomba saa sita za "kusafisha vioo kwa nje". Shahidi akazimwa, skrini ya stendi ikaandikwa MATENGENEZO. Nikabadilisha maji yote kwa mapipa ya akiba, nikachukua ndoo mbili, nikaenda ghubani adhuhuri, jua utosini.

Mama Hidaya Kitumba alikuwa pale anageuza dagaa mchangani. Huyu tumekua naye. Meno yetu yaling'oka mwaka mmoja.

"Heee, Mama Tangi! Leo umekumbuka kwenu? Au skrini imekufukuza?"

"Nimewamiss, shoga."

"Mwongo mkubwa wewe. Hata dagaa hujaniuliza." Akaziona ndoo. "Za nini?"

"Nawaongezea jamaa wenzao. Wamekuwa wapweke."

Akapandisha khanga yake magotini, akaingia majini kunisaidia. Hakuuliza tena. Angeuliza nini? Mimi ni mtu wa kwao.

Nikagonga ganda la kwanza. Mara tatu. Mchanga ukatemwa mlangoni, mwenyewe yumo. Nikaliziba tundu kwa kidole gumba, nikaling'oa, nikalitia ndooni.

Mama Hidaya alisimama. "Lina mtu hilo, Leo."

"Ndio ninaowataka."

Akalitazama lile ganda ndooni, maji yakimcheza magotini. Kisha akasema, "Haya, kama ni kwa usalama wao," akainama na yeye, akabisha. Alikuwa anasema kila mara, kwa sauti ya chini, "Samahani, baba. Samahani, mama. Unaenda kwa dada Leo, hakuna baya." Kumi na tisa. Hodi yetu, tuliyofundishwa ili tusimsumbue mtu, niliitumia kujua nani yuko ndani ili nimkamate. Na nilimfanya mwanamke mwenye moyo safi anishikie ndoo.

Saa ilipotimia Shahidi akawashwa. Akahesabu: thelathini na mmoja. Akaonja: maji safi. Shahidi anahesabu tu, hamjui mtu kwa sura. Sura mlizijua ninyi. Jioni ile pale stendi kuna mtoto aliuliza kwa sauti, "Bondia yuko wapi?" Nilikuwepo, nimejitanda ushungi. Nilisikia mtu mzima akimjibu, "Amelala. Twende."

*

Siku ya themanini na tisa watoto wa samaki walikuwa sitini na nne. Wadogo kama punje za mtama, wanatoka kwenye maganda, wanaingia. Nikamfuata Injinia ofisini.

"Injinia, nina neno kuhusu siku ya arobaini na moja."

Aliweka kalamu chini. Akanitazama muda mrefu, nikaona kwamba alikwisha kuhisi.

"Dada Leokadia. Kabla hujalisema, fikiri. Ukilisema, nalazimika kuliandika. Nikiliandika, tangi limeshindwa, kesho wanakuja na madumu ya klorini. Wale wadogo sitini na nne, na wazazi wao. Utasimama pale ukiangalia?"

"Na nisiposema?"

"Ghuba inafunguliwa. Bomba linaanza." Akashusha sauti. "Mimi sikulazimishi. Naapa. Ningekuwa wewe hata mimi nisingejua la kufanya."

Hakunitisha, hakunihonga. Laiti angenihonga, leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nilisimama kwenye kapeti lake nikawaza wale wadogo chini ya taa. Nikawaza pia kitu kingine: watu wakisema pale sokoni, kumbe Mama Tangi alikuwa tapeli. Nilipima yote mawili, na hilo la pili lilikuwa zito zaidi.

"Nilitaka tu kusema vioo vilikuwa vichafu sana siku ile," nikasema.

"Nashukuru," akasema, hakunitazama.

Kesho yake Shahidi alitoa neno lake. Kwao.

*

Wiki iliyopita walifanya jaribio la bomba, saa moja tu. Hukwenda kuona. Nitakwambia mimi.

Maji yalitoka meusi kidogo, ya baridi kiasi cha kutoa ukungu kwenye jua kali. Harufu ya yai bovu ikapanda hadi msikitini. Ilipotimia nusu saa, upande wa kaskazini wa ghuba mchanga ulianza kusogea: wapangaji walikuwa wanatoka kwenye maganda yao, wote, maelfu, wanakuja ukingoni wanahema. Wanawake waliingia na masufuria, na ungo, na khanga, wanawachota. Wawapeleke wapi? Walisimama na masufuria yao ya samaki mikononi mpaka samaki wakaacha kutingishika.

Mama Hidaya alinikuta ukingoni. Nilitegemea anitukane, nilikuwa na hamu ya kutukanwa. Nikamwambia yote pale pale, kuanzia vanishi hadi kapeti la Injinia. Alisikiliza huku anakamua khanga.

"Kwa hiyo wale kumi na tisa," akasema, "niliwadanganya."

"Niliwadanganya mimi."

"Hapana, Leo. Wewe hukusema nao. Mimi ndiye niliyewaambia hakuna baya." Akakunja khanga yake, akaiweka begani, bado inadondosha. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi ndiye ninayeweza kufunga bomba?"

Akaondoka.

*

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Msajili wa Makazi, nikaandika maelezo kurasa sita, nikatia dole gumba. Karani akayasoma, akafungua rekodi ya Shahidi, akanionyesha: thelathini na mmoja kabla, thelathini na mmoja baada. "Mama, mashine inasema hakuna samaki aliyekufa. Unajisingizia?" Nikamwuliza sheria inasema nini. Akanisomea kifungu cha kumi na nne: neno la Shahidi hutenguliwa kwa viapo vya watu mia moja waliotazama kwa macho yao wenyewe, na si vinginevyo. Tangi likapigwa lakiri siku hiyohiyo, nisije nikaligusa.

Mpaka leo mchana tuko arobaini na watatu. Wanawake wa ghuba hawafai, maana hawakuwa na nafasi ya kwenda stendi kutazama, walikuwa kazini. Watazamaji mlikuwa ninyi. Nimepita duka kwa duka. Wengine mmeniambia hamkumbuki. Mwenye genge la chips kaniambia, "Dada, mimi nilikuwa naangalia tu, sikuwa naangalia hivyo." Mwalimu mmoja, simtaji, kaniambia kwamba yeye akiapa, tangi litauawa, naye hawezi kubeba dhambi ya wale wadogo. Nilimjibu kwamba dhambi hiyo nimekwisha kuibeba na nitasimama pale madumu yakimiminwa, sitafumba macho. Yeye abebe ya kwake tu, iliyo nyepesi: aseme alichokiona.

Bomba linafunguliwa moja kwa moja Jumatatu. Msajili anafunga viapo Ijumaa saa tisa na nusu. Leo ni Jumatano. Ofisi iko nyuma ya posta, mlango wa kijani, chumba cha tatu. Nenda na kitambulisho. Karani atakuuliza swali moja: je, samaki uliowaona siku ya arobaini ndio uliowaona siku ya arobaini na mbili? Unajua jibu. Ulilijua pale pale stendi, ulipomshika mtoto mkono ukamwambia twende. Wanahitajika hamsini na saba. Usisubiri uwe wa mwisho, usimtume mtu, usiniambie utapita kesho ukitoka kazini. Weka chini hiki unachosoma, vaa viatu, nenda.